Reki Tatu za Gari la Mkunga

3 Machi, Jumatatu

Mama amesema niandike. Amechoka kunisikia nikibamiza geti na kutukana nati, kwa hiyo leo amenitupia daftari hili mezani akasema hasira hasara, zimwagie humu. Haya, namwaga.

Asubuhi Baba amenipa funguo za gereji. Magoti yake yamegoma, hawezi tena kulala chini ya gari akainuka bila kushikwa mkono. Hakutoa hotuba. Alizifungua kwenye mkanda wake, akaziweka kwenye meza ya kazi kando ya jiliwa la kubania vyuma, akasema, "Basi." Miaka kumi na tisa nimelala mvunguni na mtu huyu, nikapewa "basi". Na mimi nilikuwa na neno moja tu la kumwambia: "Baba, kuanzia leo usiniingilie." Akasema hataniingilia. Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, anapouona uwanja wote wa gereji tangu getini hadi kwenye pipa la mafuta machafu. Hiyo ndiyo tafsiri yake ya kutoniingilia.

Mafundi wa barabara hii wananiita binti wa Mzee. Wameshatabiri kwamba kabla mvua hazijaisha hapa patakuwa banda la kuku. Nataka msimu huu uishe nikiwa na jina langu mwenyewe. Gari la kwanza kuingia chini ya mkono wangu ni la mkunga, yule anayepanda mlimani kuzalisha wanawake wasioweza kushuka. Njia ya huko ina kona kumi na moja na tope la kufika magotini, na usukani wake ulikuwa mgumu, reki imekwisha.

Reki ni lile bomba refu la chuma linalolala chini ya injini na kuyasukuma magurudumu kushoto na kulia. Ndani mna mafuta yenye msukumo, na sili za mpira ndizo zinazoyazuia yasitoke. Sili zikifa, mafuta yanakwenda zake na usukani unakuwa jiwe. Reki mpya kabisa haipatikani, kwa hiyo nimechukua iliyotengenezwa upya kiwandani, chuma cha zamani na sili mpya. Nimeichukua kwa muuza vipuri tunayemwita Bwana Dhamana, maana kila anachouza, hata nati moja, anakiapia dhamana ya miezi sita huku mkono uko kifuani.

Nimeifunga leo hii hii. Washa za shaba, vile vipete vya kuzibia maungio ya paipu, zilikuwa bado zinafaa, nikazirudisha zilezile. Kazi imetoka safi. Baba alikohoa mara moja pale ngazini, nikamwangalia, akanyamaza. Mvua imeanza saa tisa.

4 Machi

Mvua. Hakuna la kuandika ila matope.

6 Machi

Mkunga amepiga simu. Ameona tone chini ya gari. Tone moja tu, akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nikamwambia alilete kesho.

7 Machi, Ijumaa

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi leo nimeinama mpaka sikio limeingia tope.

Nilifuta kila kitu kikavu. Nikamwomba mkunga poda ya watoto, akanitolea kopo zima kwenye mkoba wake akisema hajawahi kuona gari linapakwa poda kama kichanga. Nikanyunyiza chini yote, nikamwambia awashe, azungushe usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, mara kumi. Palipolowa poda ndipo panapovuja, huo ndio ujanja wake. Pakalowa kwenye buti, ule mfuko wa mpira unaofunika ncha ya reki, la upande wa kushoto. Basi ni sili ya kushoto, basi ni reki, basi ni Bwana Dhamana.

Siku nne. Sijamaliza hata wiki moja na funguo mfukoni, na gari langu la kwanza linakojoa barabarani watu wakiona. Nilichukua spana nikakaza nati ya paipu iliyo juu ya buti, nikakaza bolti za reki, nikakaza kila kitu chenye kichwa, si kwa akili bali kwa hasira. Nimelia kidogo kule chini. Mafuta yalikuwa yameniingia jichoni, nikapata kisingizio.

Mkunga hawezi kuacha gari hapa, ana wanawake watatu wanaohesabu siku. Nimeongeza mafuta nikamwambia awe anakuja kila Jumatatu nilitazame. Niliporudi kutoka kunawa, Baba alikuwa ameshafunga boneti. Nikamkumbusha tulivyokubaliana. Akasema kufunga boneti si kuingilia.

10 Machi, Jumatatu

Pakavu. Nilitandika kadibodi chini ya gari saa nzima injini ikinguruma, ikatoka kama ilivyoingia.

Sielewi kwa nini pamekauka, na kitu nisichokielewa kinaniudhi hata kikiwa kizuri.

17 Machi

Pakavu. Nimewaambia hata mafundi wa ng'ambo ya barabara. Yule tunayemwita Mrefu akaniambia kumbe binti wa Mzee ni moto wa kuotea mbali. Najua ni kilemba cha ukoka, lakini nimekivaa mpaka jioni.

20 Machi

Mvua imeezua bati moja. Nimelipigilia. Baba amenielekeza misumari iingie wapi, akiwa ngazini, bila kuulizwa.

24 Machi, Jumatatu

Buti la kushoto limejaa mafuta na kuvimba. Nimelikamua yakamwagika kikombe kizima. Na la kulia limeanza.

Nimeing'oa reki nikaibeba begani mpaka dukani kwa Bwana Dhamana. Nimemwambia sili zake ni ubani wa kutafuna. Yeye akaitazama, akaweka pua kwenye tundu la paipu, akanusa kama mtu anayekagua maziwa, akasema mafuta yangu ni machafu, niende nikaoshe mfumo mzima, pampu na mipira yake yote. Mafuta yangu machafu! Mimi ninayefuta spana kabla ya kuziweka chini. Nilimjibu kwamba uchafu ninaouona uko upande wake wa kaunta. Wateja wawili wakacheka. Alinibadilishia, kwa kuwa dhamana ni dhamana, lakini alinitazama kama mtu mwenye neno mdomoni akaamua kulimeza.

Alimeze limkwame.

27 Machi

Nimefunga reki ya pili. Nimemwaga mafuta ya zamani, nimefuta kikopo kinachoyahifadhi, nimeweka mapya. Safari hii hata washa nimeweka mpya, asije akapata la kusema. Pampu sikuigusa wala mipira yake. Haina kosa.

31 Machi

Pakavu. Baba ameuliza gari la mkunga liko vipi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyesikia homa imeshuka. Nilipotoka kwenye simu nikamkuta amesimama mbele ya gari anapiga soga na mkunga. Anapenda kuzungumza naye.

7 Aprili, Jumatatu

Tone.

8 Aprili

Mkunga anasema matone mawili. Anasema pia kona za juu zimeanza kumwagika udongo. Nimemwomba awe anakagua kikopo kila siku. Amesema hajui hata kikopo kiko wapi, kazi yake ni kuangalia kwingine.

9 Aprili

Sina hamu ya kuandika.

12 Aprili, Jumamosi

Nimetulia kidogo sasa, ndiyo maana naweza kushika kalamu.

Simu ya mkunga imekuja saa mbili asubuhi. Alikuwa kona ya saba, anapanda, kuna mwanamke juu aliyeanza uchungu tangu alfajiri. Akakata usukani, na usukani ukakataa. Hapo hapo, bila onyo. Anasema alining'inia juu yake kwa uzito wa mwili wote, gari likaendelea kunyooka kana kwamba halijaambiwa kitu, likaingia mtaroni kwa upande wa ukuta wa mlima. Kwa upande wa ukuta. Upande wa pili hakuna mtaro. Upande wa pili hakuna chochote.

Alipojishika wakati wa kugonga, kifundo cha mkono wa kulia kikajipinda. Unadhani alikaa akangoja msaada? Alijitwisha mkoba kichwani akatembea dakika arobaini kwenye tope, akamzalisha yule mwanamke kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauazima kwa mama mkwe wa mzazi, ambaye anasema alikuwa akiamrishwa kama kuruta. Mtoto mzima, mama mzima. Mkunga mkono umevimba mpaka saa ya mkononi imebidi ikatwe.

Nilipanda na gari la kuvuta. Nikalala kwenye tope chini ya gari lake nikaangalia. Mabuti yote mawili yamepasuka, kikopo kikavu kabisa. Nilipotoka alikuwa ameshashuka kutoka kwa mzazi, amekaa juu ya jiwe, mkono umefungwa kwa kanga, ananiuliza kama nimekula. Heri angenitukana. Hakunitukana. Aliniambia, "Mwanangu, mimi nilikuja kwako kwa sababu ni wewe. Kwa Mrefu ni karibu zaidi."

Wiki tatu hatafanya kazi, ameambiwa. Ni mkono uliowapokea nusu ya watoto wa mtaa huu. Ulinipokea hata mimi.

Sijawahi kumchukia mtu kama ninavyomchukia Bwana Dhamana usiku wa leo.

14 Aprili, Jumatatu

Nimekwenda. Nimengoja duka lijae, halafu nikaingia.

Sikupiga kelele za ovyo. Nilisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni kwamba mtu huyu anauza reki zilizooza, kwamba mkunga alibakiza hatua moja aangukie bondeni kwa ajili ya sili zake, kwamba dhamana yake ni kiapo cha mwizi. Nilisema mwizi mara tatu. Mrefu alikuwepo, na mwenzake wa gereji ya kituo cha mafuta, yule wa kofia. Wote wawili waliweka chini walichoshika wakatoka. Waliobaki wakaanza kuangalia saa.

Bwana Dhamana alichukua kitambaa akafuta kaunta, akaendelea kufuta hata nilipokuwa nimeshamaliza.

Nimerudi nyumbani nimeshiba. Nikamsimulia Baba kila neno, nikidhani atafurahi. Akasema chai yake imepoa, akaingia ndani.

16 Aprili, Jumatano

Leo sikutaka kumrudishia Bwana Dhamana reki. Nimeibana kwenye jiliwa nikaifungua mwenyewe, niitoe sili nikaibandike kwenye mlango wa duka lake kila mtu aione.

Sili haikuwa imekatika. Haikuwa imekauka. Ilikuwa laini na nono, kidole kikizama kama kwenye mkate uliolowekwa, na pembeni imeanza kumenyeka. Sili mbovu ya kiwandani haifi hivyo. Sili hufa hivyo ikilishwa kitu kisicho chakula chake.

Nikachukua glasi ya maji. Ni kipimo cha zamani. Mafuta ya stelingi, yaani ya usukani, ukiyadondosha kwenye maji yanaelea, mekundu, yamejitenga. Nikadondosha yaliyobaki ndani ya reki. Sehemu ikaelea. Sehemu nyingine ikazama, ikayeyuka, maji yakawa ukungu. Kinachoyeyuka hivyo ni mafuta ya breki. Mafuta ya breki na sili za stelingi ni paka na panya, yanazivimbisha kwanza, halafu yanazila.

Nimerudia mara nne na glasi nne. Mama ameuliza kama nimeanza uganga.

Kuna mtu anatia mafuta ya breki kwenye gari la mkunga. Nikimpata, sijui nitamfanya nini.

Nilipoinua macho, ngazini palikuwa patupu.

17 Aprili, Alhamisi

Nimekwenda kwa mkunga asubuhi. Nilimkuta anajaribu kumenya viazi kwa mkono wa kushoto, nikamnyang'anya kisu nikawa namenya mimi huku namuuliza. Ni nani anayeongeza mafuta kwenye gari lake? Kituo cha mafuta? Jirani? Akasema hakuna, ila sisi wenyewe wa gereji.

"Sisi nani?"

"Mzee. Kila nikija, wewe ukienda kunawa au kwenye simu, ananitilia dawa kifuniko kimoja. Aliniomba nisikusumbue nayo." Akaniangalia uso, akaacha kutabasamu. "Sasa nakuambia, maana mficha uchi hazai, na hilo nalijua kuliko wewe. Kwani ilikuwa nini?"

Nikamaliza kumenya, nikaosha kisu, nikatembea kurudi nyumbani kwenye mvua bila kuharakisha.

Alikuwa ngazini. Nikaweka glasi ya maji ya ukungu mbele yake, juu ya ngazi. Hakujitia hamnazo, kwa hilo namsifu.

"Ni nini umetia kwenye gari la mkunga?"

"Kidogo tu. Breki. Zamani sili ikitoa jasho tulitia kifuniko kimoja, inanenepa, inaziba. Ilikauka au haikukauka?"

"Ilikauka kwa sababu nilikaza paipu, Baba! Haikuwa sili. Tone lilikuwa linatoka juu kwenye paipu linadondokea buti. Sili zilikuwa nzima. Ndizo ulizoziua."

Nilimwona akilipima hilo la paipu kichwani, kama fundi, kabla halijamfikia kama mtu. Kisha akasema, "Ni zile washa za zamani. Nilikuona ukizirudisha."

"Uliniona?"

"Nilikohoa."

"Ulikohoa! Una mdomo, Baba. Kwa nini hukusema?"

"Ulisema nisikuingilie." Akaigeuza glasi kidogo kwa kidole. "Halafu nikakusikia unalia chini ya gari. Sikutaka watu waone gari lako linavuja."

Hapo nilisema mambo. Nilimwambia kwamba mkunga alikuwa afe. Nilimwambia asiguse tena gari lolote ndani ya geti hili, asifungue boneti, asishike chupa, asishike hata kitambaa. Nilimwambia dawa zake za zamani aende nazo huko zamani. Mama alitoka jikoni akasimama nyuma yake na hakuniambia hasira hasara. Baba alisema, "Nimesikia," kwa ile sauti ambayo mimi nilikuwa naitumia kwake nikiwa na miaka kumi na saba.

Bado nina hasira. Naandika ili nijue ni za nani. Za kwake ziko hapa. Za kwangu, za washa mbili za shaba na mdomo mmoja, nazo ziko hapa hapa, na hazina pa kwenda.

18 Aprili

Hakutoka ndani.

19 Aprili

Ametoka. Amekaa ngazini mikono mapajani. Spana ilidondoka karibu na mguu wake, akaitazama, akaniachia niiokote. Nilitamani kumrushia.

20 Aprili

Mvua. Mama anasema Baba hali chakula vizuri. Nikasema hata mimi sili. Mama akasema basi njaa yenu imo ndani ya nyumba moja, zungumzeni.

22 Aprili, Jumanne

Gari la mkunga linahitaji reki ya tatu, na mwenye reki ya aina ile ni mtu mmoja tu. Nimenunua safari hii, sikudai dhamana. Lakini kabla ya kuitaja reki nilisimama palepale niliposimama siku ile, kwa sauti ileile, nikasema. Duka halikuwa limejaa. Kulikuwa na mteja mmoja na mzee anayejificha mvua. Nilisema reki zake zilikuwa nzima. Nilisema kosa la kwanza ni washa nilizorudisha mimi, na kosa la pili ni mafuta ya breki yaliyotiwa kwenye gereji yangu. Sikusema yalitiwa na nani. Nilisema mimi ndiye niliyemwita mwizi na yeye si mwizi.

Bwana Dhamana alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia alijua tangu reki ya kwanza, harufu ya breki haimpiti.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema. Nilikuambia mafuta yako machafu, ukaoshe mfumo wote. Wewe ukasikia tusi."

Nilitaka kukasirika, nikatafuta pa kushika, nikakosa.

Akafunga reki kwenye gazeti, taratibu, kamba mara mbili. Akasema amenisamehe, lakini msamaha wake haununui kitu. Mrefu na yule wa kofia hawajakanyaga dukani tangu siku ile, na wao walipata habari kutoka kinywani mwangu. "Uliwatoa wewe," akasema. "Warudishe wewe."

Hakuweka mkono kifuani.

24 Aprili, Alhamisi

Nimeanzia kwa yule wa kofia, gereji ya kituo cha mafuta. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: kwamba kosa ni langu, langu peke yangu, nilichanganya chupa. Ndiyo, nilipanga kuongopa. Mtu aliyeijenga gereji kwa mikono yake hawezi kwenda kuchekwa uzeeni kwa sababu ya kifuniko cha mafuta, hata kama nina hasira naye kiasi gani. Na jina langu likiondoka, liondoke.

Nikasema. Yule wa kofia akafuta mikono.

"Hata wewe?" akasema. "Baba yako alikuwa hapa asubuhi. Amesema ni yeye. Amesema wewe ndiye uliyegundua, kwa glasi ya maji, na kwamba yeye asingegundua kamwe. Sasa tumwamini nani?"

Nikaenda mbio kwa Mrefu. Ameshapita. Nikaenda kwenye gereji ya chini ya daraja, ambayo hata haimo kwenye habari hii. Ameshapita. Kila mahali alisimama mlangoni, akakataa kiti, akasema maneno yaleyale, akaendelea. Kwa magoti yale, kwenye tope lile. Mrefu aliniambia hilo bila mzaha, na akaniambia kesho atakwenda dukani kununua sili zake. Akaongeza kwamba Mzee alikuwa anaharibu siku hizi, bahati yupo binti. Nikamwambia akisema tena hivyo nitamng'oa meno, na nilimaanisha.

Nimemkuta nyumbani, miguu ndani ya beseni, Mama anamkanda.

"Nani alikutuma?" nikamuuliza.

"Hakuna."

"Nilikuwa nakwenda mimi. Nilikuwa nimeshapanga la kusema."

"Najua ulichopanga," akasema. "Nimekulea mimi."

Nikatoka nikabamiza geti. Nikarudi, nikalibamiza tena.

28 Aprili

Nimefungua kila kitu. Pampu, mipira, kikopo, mabomba. Nimeosha mara tatu, kila mara nikidondosha kwenye glasi mpaka maji yakabaki maangavu. Sili za pampu nimebadilisha. Reki ya tatu imekaa. Kutoa hewa kwenye mfumo kunahitaji watu wawili, mmoja juu anazungusha usukani, mmoja chini anaangalia. Nimemwita Mama. Mama hajui kushoto ni wapi ukimwambia ghafla. Tumemaliza jioni, Baba akitutazama toka ngazini bila kukohoa.

5 Mei

Kadibodi safi. Mvua zinapungua.

7 Mei

Wateja wawili wapya wameleta magari kutoka mtaa wa juu. Wote wawili wameulizia fundi wa glasi ya maji. Nimewapokea. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

12 Mei, Jumatatu

Mvua zimekatika. Mkunga amekuja anaendesha mwenyewe, mkono umepona, amepanda kona zote kumi na moja na kushuka. Anasema usukani anaugeuza kwa kidole kimoja. Ameegesha katikati ya uwanja, akaenda kwanza ngazini kumsalimia Baba kama kawaida yake. Shikamoo, marahaba, magoti vipi, magoti yapo. Hana kinyongo mwanamke huyu, sijui anaziweka wapi hasira zake. Kisha akamtania, kwa sauti ya chini lakini nikasikia, kama leo hatatiliwa chochote.

Baba hakucheka. Alininyooshea kidevu.

"Muulize fundi," akasema.

Hajawahi kuniita hivyo. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa mwanangu, wewe hapo chini, lete spana kumi na nne. Neno hilo ndilo nililolitaka tangu siku aliponiwekea funguo mezani, na ili nilipate nilimfungia mdomo, kisha nikamfungia na mikono. Leo amenipa, mbele ya mteja, akiwa amekaa na mikono mitupu, na kwa sauti isiyo na kijembe hata chembe. Nilikasirika mpaka nikashindwa kuiona boneti iliyo mbele yangu.

Nikamwambia aje anishikie taa.

Alinitazama. "Unaruhusu?"

Nikasema naruhusu. Akashika ukuta, akainuka, akaanza kuja, na ilimchukua muda kufika, nami nikabaki nimesimama namngoja.